Mwamuzi Ni Mtu wa Namna Gani?

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni na kasisi wa Kanisa la Anglikana, Kebirigo. Masomo: Kutoka 18:13–26, 1 Wafalme 3:5–28, Luka 18:1–8.

Ninyi mlioketi jikoni karibu na moto, maana huku kwetu Kebirigo jioni huwa na baridi, na ninyi mlio bado njiani mkirudi kutoka kupeleka majani ya chai kituoni, karibuni nyote.

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine mtashangaa kulisikia katika kipindi cha ibada. Mtu anapotafutwa ili awe jaji au hakimu, aangaliwe kitu gani? Kwamba awe amesoma sheria, hilo tunalijua. Kwamba asiwe mla rushwa, hilo nalo tunalijua, tena twalisema kila siku. Lakini liko jambo la tatu, ambalo wanasheria huliita hulka ya jaji, nami kwa kuwa si mwanasheria nitaliita tu moyo wa mwamuzi. Ni namna mtu anavyokuwa anapowekwa juu ya mwenzake. Je, husikiliza? Hukasirika upesi? Huwadharau wasiojua kujieleza? Mtu aweza kuwa na sheria yote kichwani, asiwe amekula hata shilingi moja ya mtu, na bado akawa mwamuzi mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nimemwona mtu wa namna hiyo, na mtu huyo nilikuwa mimi mwenyewe. Nitawaeleza kabla hatujaachana.

Kwanza tumwangalie Yethro, mkwewe Musa. Mzee huyu alikuja jangwani kumtembelea mkwewe, akamkuta ameketi tangu asubuhi hata jioni, watu wamemzunguka, kila mmoja na shauri lake. Sisi wengine tungalimsifu Musa kwa bidii. Yethro hakumsifu. Alimwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye na watu watachoka pamoja naye. Ndipo akamshauri achague waamuzi wa kumsaidia, akamweleza wawe watu wa namna gani: wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, wakweli, wasiotaka faida ya dhuluma.

Sasa angalieni jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililisoma miaka mingi bila kuliona. Katika orodha ya Yethro hakuna habari ya kuijua sheria. Si kwamba sheria si kitu. Katika sura iyo hiyo, kabla ya kutaja waamuzi, anamwambia Musa awafundishe watu amri na sheria. Sheria wangefundishwa. Lakini kumcha Mungu na kuwa mkweli hayakuwa mambo ya kumfundisha mtu baada ya kumkalisha kitini. Ilipasa yatafutwe kwake kabla. Tukigeuza mpango huo, tukachagua kwanza mwenye vyeti vingi na kutumaini kwamba moyo utakuja baadaye, tutangoja sana.

Tena mfikirie Sulemani alipokuwa kijana na Mungu akamwambia aombe atakalo. Chuoni, mwalimu wetu wa Kiebrania alitufundisha kwamba neno alilolitumia Sulemani, likitafsiriwa neno kwa neno, ni moyo unaosikia. Hakuomba moyo unaojua. Na mara baada ya hayo twasoma habari ya kesi yake, ile ya wanawake wawili na mtoto mmoja. Walikuwa makahaba, watu ambao katika mji wowote hufukuzwa mlangoni na askari kabla hawajamwona mkubwa. Mfalme aliwaacha wote wawili wasimame mbele yake na kusema mpaka mwisho. Ule upanga tunaoukumbuka sote ulikuja baadaye. Kusikia ndiko kulikotangulia.

Nimekwisha kuwasikia wengine wakisema, "Kasisi, basi unataka majaji wapole." Sivyo. Eli alikuwa mpole. Alijua kila uovu wa wanawe pale Shilo, akawaonya kwa maneno laini, wala hakuwazuia, na nyumba yake ikahukumiwa kwa sababu hiyo. Upole usioweza kukata shauri si moyo wa mwamuzi. Wala ukali si ushujaa. Hakimu anayewafokea mawakili na kuwatisha mashahidi aweza kuonekana mtu mwenye nguvu, kumbe ni mtu anayeogopa kwamba wakiachwa waseme watamshinda. Moyo ninaousema ni wa mtu aliyetulia kiasi cha kumsikia asiyempenda, na aliyetulia kiasi kicho hicho cha kumwambia anayempenda kwamba ameshindwa.

Basi turudi nyumbani Kenya. Kwa miaka mingi majaji wetu waliteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama, na shauri lenyewe lilifanywa mlango ukiwa umefungwa. Mwananchi wa Kebirigo alisikia jina kwenye taarifa ya habari, basi. Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mambo hayo. Tume iliundwa upya ikawa na watu kumi na mmoja, na kati yao wamo wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuwakilisha wananchi, ambao si wanasheria. Watu wengine huuliza, asiyejua sheria ana kazi gani mahali pa kumchagua jaji? Mimi naona ana kazi kubwa. Wanasheria watapima kama mtu anaijua kazi yake. Yule asiye mwanasheria atamtazama kama atakavyotazamwa na sisi tutakaosimama mbele yake hatujui hata mahali pa kuweka mikono.

Mwaka 2011, mahojiano ya wale waliotaka kuwa Jaji Mkuu yalifanywa hadharani, na nchi nzima ikatazama. Wengi mtakumbuka jinsi Daktari Willy Mutunga alivyoulizwa habari ya kipuli kidogo alichovaa sikioni. Maneno yalikuwa mengi, hata makanisani. Nakiri kwamba mimi nami nilikuwa na maneno yangu juu ya kipuli kile. Tuliangalia sikio kwa nje.

Mwaka uo huo ilitungwa pia sheria ya kuwachunguza majaji na mahakimu waliokuwa kazini tangu kabla ya Katiba mpya, ili ionekane kama wanafaa kuendelea. Sheria hiyo ilitaja mambo ya kuangaliwa: ujuzi, uadilifu, haki bila upendeleo, busara, na pamoja na hayo ikataja hulka, kisha ikaieleza. Mtu awe na huruma na unyenyekevu. Awe amezoea kuwatendea wengine kwa adabu. Aweze kutulia mambo yanapomsonga. Aweze kuizuia hasira yake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona kama ninasoma Paulo akimwandikia Timotheo habari ya sifa za askofu. Bunge lilikuwa limeandika jambo ambalo kanisa limelijua tangu zamani, ingawa hatulifuati sana tunapochagua wazee wetu wa kanisa.

Bodi iliyofanya kazi hiyo iliongozwa na wakili Sharad Rao, na kati ya wanachama wake alikuwamo Albie Sachs wa Afrika Kusini. Huyu aliwahi kutegewa bomu garini mwake mjini Maputo mwaka 1988, akapoteza mkono wa kuume na nuru ya jicho moja. Miaka michache baadaye Rais Mandela alimweka kuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, akaitumikia mpaka mwaka 2009. Mtu mmoja aliyekuwa na sehemu katika mpango wa bomu lile alimwendea ofisini, na Sachs akakubali kukaa naye wakazungumza. Sisemi kila jaji apitie moto wa namna hiyo. Lakini yule aliyekaa kuwapima majaji wetu alikuwa amepimwa yeye kwanza.

Hapa nafika mahali pagumu kidogo, na naomba mnisikilize kwa upendo. Katika mahojiano yale ya 2011, Tume ilimpendekeza pia Naibu Jaji Mkuu, Bibi Nancy Baraza. Alikuwa mwanasheria msomi, aliyekuwa amewatetea wanawake na watoto kwa miaka mingi, naye alipita mbele ya Tume na mbele ya Bunge. Siku ya tarehe 31 Desemba mwaka ule alikwenda kwenye maduka ya Village Market huko Nairobi. Pale mlangoni palikuwa na bawabu, mwanamke, ambaye kazi yake ilikuwa kumpekua kila aingiaye. Kukatokea ugomvi. Bawabu alilalamika kwamba alifinywa pua na kutishwa kwa bastola. Bibi Baraza aliyakana mambo hayo. Rais aliunda jopo la watu saba kuchunguza, na mwezi wa Agosti mwaka 2012 jopo likapendekeza aondolewe. Alikata rufani, kisha akaiondoa, na mwezi wa Oktoba akajiuzulu.

Simtaji mama huyu ili nimhukumu mara ya pili. Kila mmoja wetu ana mlango wake wa Village Market, mahali ambapo siku moja alikuwa na haraka na mtu mdogo akamzuia. Namtaja kwa sababu jambo lile lilitufundisha nchi nzima kitu ambacho mahojiano hayakuweza kukionyesha. Mbele ya Tume kila mtu ana adabu. Amevaa vizuri, amelala vizuri, na wanaomwuliza maswali ni wakubwa wanaoweza kumpa kazi au kumnyima. Moyo wa mwamuzi hauonekani hapo. Huonekana pale ambapo wewe ndiwe mkubwa, na aliye mbele yako hana kitu cha kukupa wala cha kukunyima. Kwa jaji, mahali hapo ni chumba cha mahakama kila siku ya kazi mpaka atakapostaafu akiwa na miaka sabini.

Niongeze neno moja hapa, maana wengi hawalijui. Aliyeongoza jopo lile alikuwa Augustino Ramadhani, mtu wa Zanzibar, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania toka mwaka 2007 hadi 2010. Alikuwa Mwanglikana mwenzetu, na katika uzee wake akapewa daraja ya ukasisi. Alifariki mwaka 2020. Nafurahi nikikumbuka kwamba neno la bawabu na neno la Naibu Jaji Mkuu viliwekwa mezani mbele ya mzee kama huyo, na yote mawili yakapimwa.

Sasa najua mnangoja nimtaje mtu wetu. Nitamtaja. Jaji David Maraga alizaliwa hapa hapa Nyamira mwaka 1951. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu tangu 2003, akapandishwa Mahakama ya Rufaa 2012, na mwezi wa Oktoba mwaka 2016 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu. Tulishangilia hapa mpaka tukasahau kuchuma chai. Katika mahojiano yake aliulizwa habari ya Sabato, kwa kuwa ni mzee wa kanisa la Waadventista, naye hakuficha kwamba ingekuwa vigumu sana kwake kukaa mahakamani siku ya Jumamosi. Wapo walioona kwamba amejiharibia. Mimi naona palikuwa na faida ndani yake. Mtu anayetaka kazi na bado akasema jambo litakaloweza kumnyima kazi, umekwisha kupata habari zake.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini yake iliubatilisha uchaguzi wa Rais, jambo ambalo mahakama za Afrika hazikuwa zimelifanya. Majaji wanne walikubaliana, wawili wakakataa, na wale wawili wakasoma sababu zao mbele ya watu wote. Sisemi hukumu ile ilikuwa sahihi au la. Hata hapa Kebirigo watu waligawanyika, na wengine hawajapatana mpaka leo. Nataka tuangalie mambo mawili tu. La kwanza, majaji waliotofautiana vikali waliketi katika benchi moja, kila mmoja akasikilizwa. La pili, baada ya hukumu yalikuja matusi. Majaji waliitwa wakora hadharani, tena na wakubwa, na vitisho vikafuata. Tarehe 19 Septemba Jaji Mkuu alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba vitisho havitawazuia majaji kufanya kazi yao. Hakurudisha tusi. Siku iliyofuata mahakama ikasoma sababu zake zote kwa urefu, kama ilivyokuwa imeahidi, kana kwamba hakuna aliyepiga kelele nje.

Nazungumza juu yake kama jaji tu. Baada ya kustaafu mwaka 2021 ameingia katika siasa, na kwa siasa kila mtu ana macho yake. Wala simtaji ili Wagusii wajivune. Tabia ile ya kusema "mtu wetu" ndiyo hasa inayoharibu uchaguzi wa majaji. Tume ikitangaza majina, jambo la kwanza tunalolitafuta ni kama mmoja wao anatoka upande wetu. Tukimpata, hatuulizi tena kitu. Tungempata mtu wetu mwenye kiburi na mtu wa mbali mwenye moyo wa kusikia, ni yupi tungempigia makofi? Yethro mwenyewe alikuwa Mmidiani. Hakuwa Mwisraeli hata kidogo, na shauri lake ndilo lililowaponya.

Jambo ambalo waumini wengi hawalijui ni kwamba katika uchaguzi huu tunayo nafasi. Tume inapomaliza kuchambua maombi, huchapisha majina ya wale watakaohojiwa, na kuwaomba wananchi walete habari wanazozijua juu yao kwa maandishi. Si mawakili tu wanaoombwa. Ni sisi. Karani aliyefanya kazi na mtu huyo miaka kumi anaombwa. Mama aliyesimama mbele yake kama shahidi anaombwa. Mwenye kibanda cha chai karibu na mahakama, aliyeona jinsi anavyozungumza na dereva wake, naye anaombwa. Habari hizo ndizo zisizopatikana katika vyeti. Lakini ni lazima ziwe kweli. Barua ya uongo juu ya mtu ni ushuhuda wa uongo, hata kama imeandikwa ili kumsaidia mtu wetu, na barua ya sifa za uongo ni dhambi iyo hiyo. Andika ulichokiona kwa macho yako. Taja siku na mahali kama unakumbuka. Usiandike ulichoambiwa sokoni.

Nami nimeahidi kuwaeleza habari yangu.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na shauri la mpaka katika kijiji kimoja si mbali na hapa. Mjane mmoja na shemeji yake walikuwa wakigombania sehemu ndogo ya shamba, mistari michache tu ya chai. Mnajua jinsi mashamba yetu yalivyo membamba. Mistari mitatu ni karo ya mtoto. Wazee wa kijiji waliketi wakashindwa, ndipo wakanijia mimi niwaongoze. Sisi Waanglikana ni wachache huku, tumezungukwa na Waadventista na Wakatoliki, na kwa kuwa wale wawili hawakuwa wa kanisa langu, walisema kasisi hatapendelea. Nilifurahi kuombwa. Pengine nilifurahi kupita kiasi.

Tuliketi chini ya mkaratusi. Shemeji alianza. Alikuwa amewahi kuwa mwalimu, alisema kwa utaratibu, jambo la kwanza, jambo la pili, na karatasi alikuwa nayo. Robo saa akawa amemaliza. Kisha akasimama mjane. Yeye hakuanza na mpaka. Alianza na mwaka alioolewa, na jinsi alivyokuja na jembe lake kutoka kwao, na mama mkwe aliyekuwa mgonjwa, na mvua ya mwaka fulani. Wakati ule mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala saa chache kwa sababu ya msiba, na mazishi mengine yalinisubiri saa nane. Nilitazama saa yangu, nikaitazama tena. Kisha nikamwambia, "Mama, hatukuja hapa kusikia historia. Sema mpaka uko wapi."

Alinyamaza. Akaivuta leso yake mabegani, akaketi. Mzee mmoja akamwambia aendelee, akatikisa kichwa. Nikachukua ule unyamavu wake kuwa ni kukosa la kusema. Tukampa shemeji ile mistari, nikaomba, nikaenda mazishini, na njiani nilijisifu kwamba tumemaliza mapema.

Hakuna aliyenipa kitu. Sikumjua shemeji zaidi ya nilivyomjua mjane. Kama mngeniuliza siku ile kama nimetenda haki, ningewajibu ndiyo bila kusita. Ilikuwa baada ya miezi mingi, nilipokwenda kumtembelea mama mmoja mzee aliyekuwa mgonjwa, jirani wa shamba lile, ndipo aliponiambia kwa sauti ndogo kwamba ninyi wanaume hamkumwacha yule mwanamke afike. Afike wapi? Nikauliza. Akaniambia. Ndani ya historia ile ndimo mpaka ulimokuwa. Mjane hakujua kuutaja mpaka bila kuanza pale ulipoanzia.

Wapendwa, habari ya mjane na kadhi dhalimu katika Luka sura ya kumi na nane nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilijiweka upande wa mjane. Usiku ule niliisoma tena. Kadhi yule, kwa ubaya wake wote, alipochoka alimpa mjane haki yake ili amwache apumzike. Mimi nilipochoka nilimnyima.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta shambani anachuma, kikapu mgongoni. Nikamwambia, "Mama, nimekuja unisamehe, na kama utakubali, unieleze tangu mwaka ule wa kuolewa." Aliniangalia kwa muda, mikono yake ikiendelea na majani. Kisha akaniuliza, "Leo una nafasi, Kasisi?" Hakuwa anafanya mzaha. Nilimwambia ninayo. Tuliketi ukingoni mwa shamba mpaka ng'ombe wakarudi.

Nilipowaita wazee tena, baadhi walikubali kwamba tulikosea, na wengine wakasema jambo lililokwisha limekwisha. Shemeji hakukubali, na simlaumu. Alikuwa ameshapewa na kasisi. Basi mjane akauza ndama, watoto wake walioko Nairobi wakachanga, naye akapeleka shauri mahakamani. Amenipa ruhusa ya kuwaeleza haya, bali alichonieleza juu ya mpaka sitakitaja, kwa kuwa kesi bado haijasikilizwa. Mimi nimeandikwa miongoni mwa mashahidi wake. Itanibidi nisimame mbele ya mtu nisiyemjua na kueleza nilivyokosea, na shahidi anayeungama makosa yake huchukua muda mrefu.

Sijui ni nani atakayeketi siku hiyo. Huenda ni mtu aliyehojiwa na Tume mbele ya nchi nzima, na huenda mahali fulani yuko bawabu au karani ambaye angeweza kuiandikia Tume barua juu yake, akaiandika au asiiandike. Atakuwa na mafaili mengi mezani, kama Musa. Pengine hatakuwa amelala vizuri. Na mama yule atasimama, ataivuta leso yake, na ataanza na mwaka alioolewa.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa pamoja tena saa kama hii. Bwana awalinde usiku huu.